Baiskeli ya kukodi siku sita kwenye milima ya Mallorca: yaliyonikuta Sa Calobra

Barabara ya Sa Calobra, kwenye kisiwa cha Mallorca, Hispania, huanza kwa kushuka. Unapita Coll dels Reis (coll ni mahali barabara inapovuka mlima), mita 682 juu ya bahari, unateremka kilomita 9 na nusu hadi ufukweni, na ukishafika kule chini njia ya kurudi ni hiyohiyo moja. Boti za kwenda Port de Sóller zipo msimu wa watalii, lakini hakuna aliyebeba baiskeli mpaka pale akapanda boti kwa moyo mweupe. Kwa hiyo kila kona unayoifurahia ukishuka, unajua itakudai ukipanda.

Nilikwenda Aprili na shemeji yangu, mume wa dada. Sisi sote tunaishi Köln, Ujerumani. Tulifikia Port de Pollença, kaskazini mwa kisiwa, na baiskeli tulikodi palepale kwenye duka ambalo sitalitaja, kwa sababu lina mazuri na lina kosa moja kubwa.

Nianze na mazuri. Nilituma vipimo vyangu wiki tatu kabla, na nilipofika fremu ya sentimita 52 ilikuwa imeshatengwa, ina breki za diski na tairi nzima. Fundi alinipandisha juu ya mashine, akanipima urefu wa kiti kwa goti langu, akasogeza usukani karibu kidogo bila kuombwa. Pedali unaweza kuja na zako wakazifunga bure. Kofia ngumu, pampu, tyubu mbili na kufuli vyote vimo kwenye bei. Nililipa euro 190 kwa siku sita. Bima ndogo waliyoniuzia haigharamii pancha, na hilo walisema wazi kabla sijasaini.

Jambo la gia nawaomba mlizingatie kuliko rangi na uzito wa baiskeli. Mwanzoni walitaka kunipa yenye gia kubwa ya nyuma ya meno 28. Nikakataa. Nikaomba ya meno 34, na gia ndogo ya mbele nayo meno 34, yaani mguu ukizunguka mara moja, tairi nayo inazunguka mara moja. Fundi alisita, akasema nitakuwa naenda polepole. Polepole ndiyo ninayoitaka kwenye mlima wa saa nzima.

Siku ya kwanza tulikwenda kujaribu miguu Coll de sa Batalla, mita 576, karibu na monasteri ya Lluc. Kupanda kulikuwa kwepesi, mialoni pande zote mbili na ubaridi mzuri. Tulipoanza kuteremka kuelekea Caimari nikasikia breki ya mbele inalia chuma kwa chuma. Nikasimama kwenye kona, nikachungulia: pedi za breki zimekwisha, imebaki karatasi tu juu ya bati. Niliteremka kilomita nane kwa breki ya nyuma, mikono imekakamaa, kila basi likinikaribia moyo unadunda. Kisiwa kizima kinaishi kwa waendesha baiskeli, duka linajua wateja wake wote wanapanda mlimani, halafu unampa mtu baiskeli bila kufungua breki uone? Hili halina udhuru.

Jioni niliirudisha. Fundi aliangalia, akanyamaza, akaniomba radhi na kubadilisha pedi za mbele na nyuma mbele ya macho yangu, kisha akanirudishia pesa ya siku ile. Nampa heshima yake kwa hilo. Ila ningekuwa nimeanza na Sa Calobra siku ile ya kwanza, sijui haya ningeyaandika kutokea wapi.

Siku ya tatu ndiyo tukaenda. Tulitoka saa 12 na nusu asubuhi, gizagiza, taa mbele na nyuma. Kutoka Pollença unapanda Coll de Femenia, mita 515, upande mmoja miamba na upande mwingine matuta ya mizeituni yaliyojengwa kwa mawe matupu bila saruji. Milima hii yote, Serra de Tramuntana, iliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, na sababu si milima peke yake. Ni hayo matuta, kuta na mifereji ambayo wakulima wameijenga kwa karne nyingi. Mtu aliyekulia Lushoto kama mimi anayatambua mara moja. Kilele kirefu cha kisiwa, Puig Major, kina mita 1,400 na ushei, karibu sawa na pale Lushoto mjini, na barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni ilinijia kichwani siku nzima: mwamba kulia, bonde kushoto, honi kabla ya kona.

Barabara ya Sa Calobra aliichora mhandisi Antonio Parietti, ikakamilika mwaka 1932. Badala ya kutoboa mlima, aliuzungukia. Ina kona kali 26, na karibu na juu kuna mahali wanapaita Nus de sa Corbata, fundo la tai: barabara inapita juu ya daraja dogo, inajizungusha nyuzi 270, halafu inapita chini ya daraja hilohilo. Nilisimama pale nikaitazama kwa dakika tano. Chini yangu lami ilikuwa imelala mkunjo juu ya mkunjo mpaka macho yakaipoteza, na mbuzi wawili wamesimama katikati ya njia wananitazama. Mbuzi ni wa kuwa nao macho, hukatiza ghafla.

Kule chini tulifika saa 3 kasoro, kabla ya mabasi ya watalii. Tulikula ndizi na tende tulizobeba, tukajaza maji, tukaanza.

Wastani wa mpando ni asilimia 7, na hauna pahala pa kupumzika pa maana. Kilomita mbili za kwanza ziko kwenye misonobari na kivuli. Baadaye kuna mahali miamba miwili mirefu imebana njia, gari moja tu linapita. Ukikuta basi, simama uliache lipite. Juu ya hapo ni mawe matupu na jua. Kilomita ya sita mapaja yalianza kuwaka, nikafanya kosa la kunyanyua kichwa, nikaona kona zote zilizobaki. Shemeji alikuwa mita kumi mbele. Akapaza sauti bila kugeuka: "Shemeji, usiangalie juu! Angalia hiyo kona iliyo mbele yako, ukiimaliza tafuta nyingine." Nikafanya hivyo. Nikawa nahesabu pumzi, na ile gia ya meno 34 ndiyo iliyonifikisha. Nilitumia dakika 58. Tulipopita tena chini ya daraja la fundo la tai nilikuwa nalia, na sikuwa na huzuni yoyote.

Siku ya tano tulikwenda mji wa Sóller kwa ile treni ya mbao itokayo Palma, mji mkuu wa kisiwa, iliyoanza kazi mwaka 1912. Tulifikisha baiskeli huko kwa gari la rafiki, tukapanda Coll de Sóller, mita 496. Nawasihi msiikose. Magari hupita kwenye handaki lililofunguliwa 1997, baiskeli haziruhusiwi humo, kwa hiyo barabara ya zamani imebaki kwetu. Kwa saa nzima tulipishana na magari manne. Sóller wana machungwa. Juisi yake na keki ya lozi baada ya mlima, sina la kuongeza.

Madereva kwa jumla ni waungwana. Sheria ya Hispania inawataka wakuachie mita 1.5 wakikupita, na wengi wanaitii hata kwenye njia nyembamba. Taa chukua hata mchana, kuna mahandaki kwenye barabara ya Ma-10. Na koti la upepo: upepo wa kaskazini, wenyewe wanauita tramuntana, ulitupiga karibu na bwawa la Gorg Blau tukatetemeka mwezi wa Aprili.

Duka nalipa nyota nne kati ya tano. Nimeshaweka oda ya Oktoba kwao, fremu ileile ya 52, na kwenye fomu nimeandika kwa herufi kubwa: PEDI MPYA MBELE NA NYUMA, NITAZIKAGUA MWENYEWE KABLA YA KUTOKA.