Klachi ya gari ya kuvuta: usinunue pleti peke yake

Sasa wadau, karibuni. Leo niko gereji hapa Industrial Area, na hii nimeshika ni klachi imetoka kwa Canter yetu ya brekidauni jana jioni, nimemwambia fundi asiitupe mpaka muione.

Sogea karibu na kamera. Mnaona hizi riveti za pleti, hii sahani inayobanwa kwa injini? Zinafaa kuwa zimezama ndani ya laini, yaani ile ngozi ya pleti inayoshika, sasa ziko sawa na uso wake na hii moja imeshaanza kukwaruza flaiwili, hili gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Flaiwili nayo imejaa madoa ya bluu na vinyufa vidogo vidogo kama matope yaliyokauka. Hiyo bluu ni moto. Chuma kimechemka.

Na pleti hii ina miezi saba tu! Nilienda Kirinyaga Road nikanunua pleti peke yake juu nilikuwa naokoa pesa, presha ya zamani, hii ya springi inayobana pleti kwa flaiwili, nikairudisha, flaiwili hata sikuipeleka leith, ile mashine ya kusawazisha chuma. Hapo ndipo nilikosea, juu presha ikishapata moto mara kadhaa springi yake inalegea, haibani tena vile inafaa, so pleti mpya inateleza hata kabla hujafika mlimani, na ikiteleza inapata moto, ikipata moto inateleza zaidi, inakwisha hivyo hivyo.

Kilichoimaliza kabisa ni lori tulivuta kutoka Mai Mahiu. Tumepita lile kanisa la Waitaliano, tukakuta jam, na kijana wangu badala ya kuvuta handbreki akawa anabalansi klachi, yaani ameikanyaga nusu, na lori nyuma, dakika baada ya dakika, mpaka harufu ikajaa kebini. Tukifika juu injini inalia lakini spidi haipandi. Mdogo wangu, kama unanitazama, sikulaumu, hakuna mtu alikuwa amekufundisha, lakini mlimani shikilia gari na handbreki, na ukiwa na mzigo ng'oa na gia ya kwanza, hiyo ya pili wachia gari tupu.

Sasa nimenunua kit nzima, pleti, presha na rilizi, ile bearing inayosukuma presha ukikanyaga klachi. Nilikuwa nachagua kati ya mbili. Hii ya vipande vya seramiki inavumilia moto kuliko hii ya laini ya kawaida, hilo ni kweli, na kama kazi yako ni kuvuta malori mazito milimani kila siku, ichukue. Lakini inashika kwa ghafla. Ukiwa kwa jam ya Mombasa Road unasogea mita mbili unasimama mita mbili, gari itakuwa inaruka ruka, na ile mitetemo inaenda kwa giaboksi na propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Sisi kazi kubwa ni pikap na matatu za hapa mjini, so nimechukua ya laini ya kawaida, nzito kiasi, na ndiyo ningekuambia uchukue kama kazi yako inafanana na yangu.

Kabla ufunge, angalia sili ya nyuma ya injini. Kama inavuja oili hata tone, badilisha saa hiyo giaboksi ikiwa chini, laini ikilowa oili hakuna kit itakusaidia.

Na kama hujui yako imefika wapi, simama tambarare mahali hakuna mtu mbele, vuta handbreki kabisa, weka gia ya nne, ongeza mafuta kidogo halafu achilia klachi polepole. Injini ikizima, iko sawa. Ikiendelea kunguruma, imeisha. Fanya mara moja tu, usirudie rudie, hiyo pia inachoma.

Flaiwili ndiyo hiyo imerudi kutoka leith, oneni imelainika, ile bluu yote imetoka. Tunafunga sasa, na wiki ya kwanza hii gari haivuti kitu, nataka pleti ikalie vizuri kwanza.