Seti ya mswaki wa mbwa: lipia dawa, mswaki uache

Habari zenu wadau, karibuni. Leo tupo nyumbani kwangu Sakina, hapa Arusha, na huyu hapa ni Simba, bosi wa geti. Mezani nina seti ya kusafishia meno ya mbwa, zile zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo: tyubu ya dawa yenye ladha ya kuku, mswaki mrefu wenye vichwa viwili, na kale kamswaki ka mpira ka kuvaa kidoleni.

Nianze na dawa, maana hela yako inaenda hapo. Najua mtu atasema, si nimpake Colgate ya nyumbani tu? Hapana jamani. Mbwa hasukutui wala hatemi, kila unachompaka anakimeza. Dawa zetu zina floraidi na povu, na baadhi zina zailitoli, utamu mbadala wa sukari. Kwa mbwa hiyo ni sumu kabisa: mwili wake unamwaga insulini nyingi, sukari ya damu inaporomoka, na ini linaweza kuharibika. Kwenye boksi jina lake linaanza na herufi X. Na hata dawa iliyochorwa picha ya mbwa, we soma viambato kwanza ndipo ulipe.

Hii ya leo nimeisoma, haina. Ina vimeng'enya vya kupunguza bakteria, haitoi povu, haihitaji kusuuza. Na ladha ya kuku si mbwembwe. Mbwa wetu wengi huku ni wa ulinzi, mchana bandani, usiku uani, hawajazoea kushikwa mdomo. Mwache kwanza airambe kidoleni kwako. Siku nyingine gusa fizi kidogo, umwachie. Tazama... mnaona Simba anavyojilamba? Hapo nusu ya kazi imeisha.

Kamswaki ka kidoleni: kazuri kwa kuanzia, hasa kwa mtoto wa mbwa. Ila kama mbwa wako ni wa kung'ata ng'ata, kidole ni chako.

Mswaki mrefu sasa, hapa wametuangusha. Brashi zake ngumu, na kile kichwa kikubwa hakifiki nyuma. Nenda duka la mtaani ukachukue mswaki laini wa mtoto, utafanya kazi vizuri zaidi. Simba akiwa ametulia, inua mdomo wa juu hivi, laza brashi nyuzi 45 kwenye ukingo wa fizi, zungusha polepole. Mbwa mzima ana meno 42, lakini usihangaike nayo yote sawasawa. Kazana na magego ya juu, upande wa shavuni, kwa sababu mate yanaingilia hapo na ukoga unajengeka hapo. Upande wa ndani ulimi unasaidia.

Ni kila siku, lakini. Utando wa leo unaanza kuwa ukoga mgumu ndani ya siku mbili tatu, na ukishakuwa jiwe, hakuna tyubu itakayoutoa. Ukiona ukoga wa kahawia, fizi zinavuja damu, harufu kali, au anatafuna upande mmoja, weka mswaki chini umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usafi wa kweli wa chini ya fizi hufanywa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Usimkwangue nyumbani kwa kisu, nawaomba.

Kwa hiyo tyubu naipa nane kwa kumi. Seti nzima, tano. Ukipata dawa peke yake, chukua hiyo.

Na wale mnaoniuliza kuhusu mifupa ya buchani: wa kupikwa unapasuka vipande vyenye ncha, na mgumu sana unavunja gego. Chochote unachompa atafune, kibonyeze kwa ukucha wa dole gumba. Kama hakibonyei hata kidogo, usimpe.