Kuunga shaba na alumini: gesi au kishindo?

Wadau wa Mtwara, kuunga bomba la shaba kwa shaba kwenye friji ya samaki, gesi inatosha kabisa, mtungi unapatikana na fundi anaizoea. Ila shaba kwa alumini ni habari nyingine, alumini inayeyuka 660°C shaba 1085°C, moto ukikaa sana pale katikati panajengeka tabaka linalokatika kirahisi, halafu hii chumvi ya bahari yetu inamalizia.

Kuchomelea kwa kishindo, umeme wa kwenye kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme) unaachiwa kwa mkupuo, cheche inawaka milisekunde chache tu na hapohapo vipande vinagonganishwa kwa nguvu, joto halipati hata muda wa kuzama ndani. Kwa waya mimi naichagua hii, japo mashine zake ni za viwandani na vipande vinene haiviwezi.