Mafunzo ya bajeti na malengo kwa idara ya elimu endelevu: siku ya kwanza lipeni, ya pili fikirieni

Najua wengi wenu mmetafuta maoni haya kwa sababu mkuu wa idara ameuliza swali moja tu: tumwite huyu mtu au tusimwite? Mwiteni kwa siku ya kwanza. Ya pili mnaweza kuifanya wenyewe, na huenda mkaifanya vizuri kumzidi.

Kinachouzwa ni mafunzo ya siku mbili kwa idara za vyuo vikuu zinazoendesha kozi fupi, vyeti vya jioni na mafunzo ya watu walio kazini. Siku ya kwanza bajeti, siku ya pili malengo. Mwezeshaji anakuja na projekta yake, kitini kinene ambacho sijamwona mtu akikimaliza, na faili la Excel ambalo idara inabaki nalo. Jina lake silitaji. Mimi ni mratibu wa kozi, uhasibu sikusomea, na mafunzo haya nimeyapima kwa jicho la mtu ambaye kila wiki anaulizwa kama kozi fulani inaendelea au inafutwa.

Sifa kwanza, maana anastahili. Bwana huyu anaelewa jambo ambalo ofisi nyingi za fedha vyuoni bado linazipiga chenga: idara ya elimu endelevu haiishi kama idara ya fizikia au historia. Wenzetu wakishadahili mwaka wa kwanza, idadi ya wanafunzi wa miaka mitatu ijayo wanaikisia bila shida. Kwetu kila kozi inaanza haina mtu, inatangazwa, inapata watu au inawakosa, na baada ya wiki chache imekwisha. Ukichukua bajeti ya mwaka jana ukaiongezea asilimia kadhaa, unakuwa umepanga fedha za kozi ambazo nyingine hazipo tena.

Ndiyo maana alitumia muda mrefu kwenye bajeti ya kuanzia sifuri, ambapo kila gharama inatetewa upya badala ya kurithiwa kutoka mwaka jana, ile iliyoelezwa na Peter Pyhrr mwaka 1970 alipokuwa kampuni ya Texas Instruments, ambayo baadaye Jimmy Carter aliipeleka serikali ya jimbo la Georgia na kisha serikali kuu ya Marekani. Historia ilikuwa ndefu kuliko tulivyohitaji. Lakini ushauri alioutoa mwishoni ulikuwa wa mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti chetu: anzeni sifuri kwenye kozi, kwa sababu kozi zenyewe zinaanza sifuri, mishahara ya waajiriwa wa kudumu na leseni ya mfumo wa usajili msivifumue kila mwaka, mtapoteza mwezi mzima kuthibitisha kwamba karani anahitajika.

Kisha akaingia kwenye hesabu, na hapo ndipo fedha yetu ilipofanya kazi.

Alichora kozi moja ubaoni, kwa namba tupu bila sarafu. Ada ya mshiriki, 100. Mkufunzi 800, matangazo 250, ukumbi 150. Jumla 1,200, na hiyo inalipwa waje watu watano au ishirini. Halafu kila mshiriki ana gharama yake ya 25: makabrasha 10, viburudisho 10, cheti 5. Kwa hiyo kila kichwa kinaacha 75. Gawanya 1,200 kwa 75, unapata 16. Mshiriki wa 16 ndiye anayerudisha gharama, wa 17 ndiye wa kwanza kuleta ziada. Mpaka hapo sikushtuka. Hesabu hiyo iko kwenye kitabu chochote cha uhasibu.

Akageuka akauliza, "Chuo kinawakata ngapi?" Mhasibu wetu, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango tayari kuondoka, akajibu kwamba ni asilimia 30 ya ada yote. Mwezeshaji akafuta 75, akaandika 45. Akagawanya upya: 26 na ushee, yaani 27. Mratibu mwenzangu mmoja akauliza taratibu, "Samahani mwalimu, na chumba tunachopangiwa kikiwa na viti 25?"

Kimya. Kozi ile, ikijaa mpaka kiti cha mwisho, inapungukiwa 75. Miaka yote tumekuwa tukiwaambia wakufunzi kwamba kozi "zinajaa vizuri". Mhasibu akahama kutoka mlangoni akaja kukaa mbele, na hakuondoka tena mpaka jioni. Kama mafunzo yangeishia hapo ningesema tumepata thamani ya pesa yetu.

Jambo jingine alilolifundisha vizuri ni ada inayotangulia. Ada ikiingia benki wiki mbili kabla ya kufunga mwaka wa fedha, kwa kozi itakayoanza mwaka mpya, hayo bado si mapato. Mnadaiwa mafunzo. Mhasibu alikuwa analijua hilo tangu chuoni, ila sisi waratibu tulikuwa tunaisoma taarifa ya benki kama matokeo ya mechi. Idara inayojipima kwa fedha iliyoingia inaweza kufungua usajili mapema, ikashangilia lengo la mwaka, kisha ikaanza mwaka unaofuata ikiwa na kazi ya kufundisha na kasma tupu.

Sasa lawama.

Kanuni aliyotuachia ni kwamba kozi isiyofikisha idadi ya kurudisha gharama ifutwe. Inasikika ya busara, na kwa mtu anayepanga bajeti mezani miezi sita kabla ni sawa. Lakini uamuzi wa kufuta haufanywi miezi sita kabla. Unafanywa siku chache kabla ya kozi kuanza, na siku hiyo matangazo yameshalipwa. Zile 250 hazirudi, uendeshe au ufute. Kinachobaki mkononi ni 950 za mkufunzi na ukumbi. Makato ya chuo tuyaweke kando kwanza: gawanya 950 kwa 75, unapata 12 na ushee, kwa hiyo 13. Tuseme wamejisajili 14. Ukiendesha unapata hasara ya 150. Ukifuta unapata hasara ya 250, na juu yake watu 14 waliorudishiwa ada wanaenda kuwasimulia wenzao. Kozi hiyo iendeshwe. Kwa kanuni ya mwezeshaji, inafutwa.

Nilimweleza wakati wa mapumziko. Alinisikiliza, akakubali papo hapo, akasema hata yeye huwa anawaambia watu hivyo "wakiuliza". Sasa kwa nini wasubiri kuuliza? Hilo ndilo swali la kila siku la idara yetu, na lilipaswa kuwa kwenye slaidi ya kwanza.

Tena linakuwa zito ukirudisha yale makato ya asilimia 30. Kozi ya watu 14, kwa vitabu vya idara, inaleta hasara ya 570 ikiendeshwa na 250 ikifutwa. Mratibu mwenye akili timamu ataifuta. Lakini kwa chuo kizima, ambacho makato yale yanabaki mfukoni mwake, hasara ya kuendesha ilikuwa 150 tu. Mfumo wa makato unamfanya mratibu afute kozi ambayo chuo kingepata nafuu ikiendelea. Vyuo vilivyoachia kila kitengo kibebe mapato na gharama zake, kama University of Pennsylvania ilivyoanza kufanya miaka ya 1970, vinalijua tatizo la aina hii, na mwezeshaji aliligusa kwa sentensi moja akapita. Mimi ningeliweka mezani mbele ya mhasibu, na swali lake ni fupi: je, chuo kinaweza kukata kwenye ziada badala ya kukata kwenye ada? Kikikubali, idadi ya kurudisha gharama inashuka kutoka 27 hadi 16, na vile viti 25 vinatosha. Hakuna kozi mpya, hakuna tangazo jipya.

Faili la Excel. Linapendeza kwa macho. Kila kozi ina mstari wake, unaingiza ada, gharama na idadi ya watu, kisanduku cha mwisho kinageuka kijani au chekundu. Kwa mratibu aliyekuwa akitumia kikokotoo cha simu ni hatua kubwa. Tatizo linaanza kozi inapofutwa. Faili halina mahali pa kozi iliyofutwa. Njia pekee ni kuufuta mstari wake, na ukiufuta, zile 250 za matangazo zinafutika nao, jumla ya mwaka inanona kidogo, na kila kitu kinabaki kijani. Idara inayofuta kozi nyingi itaonekana kwenye faili hili kuwa bora kuliko inayofuta chache. Hakuna pia safu ya marejesho ya ada, wala punguzo la kundi pale mwajiri mmoja anapoleta watu kumi kwa mkupuo, jambo ambalo kwetu ni la kawaida kabisa. Na huwezi kuongeza mwenyewe, kwa sababu shiti zimefungwa kwa nywila.

Siku ya pili nitaipitia haraka, kama ilivyotupitia. Asubuhi ilikuwa herufi tano za SMART, kifupi cha Kiingereza cha sifa tano za lengo zuri, kila moja na slaidi yake na picha ya mtu anapanda mlima. Makala ya George Doran iliyozianzisha ilitoka mwaka 1981 katika jarida la Management Review, na ndani yake herufi ya tatu ilitaka lengo lioneshe ni nani atalitekeleza. Wafundishaji wengi waliofuata, na huyu wetu akiwemo, wameigeuza kuwa "linalofikika". Kwetu tofauti hiyo inauma. Idara ya elimu endelevu ina wakufunzi wa kukodi, mhasibu wa chuo, karani wa usajili wa ofisi nyingine, na mratibu mmoja katikati. Lengo lisilo na jina la mtu pembeni linaishia kwa mratibu, kila mara.

Baada ya hapo tukapewa karatasi za kunata tuandike malengo na kuyabandika ukutani. "Kuongeza washiriki kwa asilimia 20." "Kuwa kitovu cha ubora." "Kupanua wigo wa kozi." Hakuna hata mmoja aliyerudi kwenye ubao wa jana, na mwezeshaji hakuturudisha. Jana yake tu tulikuwa tumeona kozi inayopoteza 75 ikiwa imejaa. Ziongeze kozi za namna hiyo kwa asilimia 20 uone utakachopeleka kwenye kikao cha mwisho wa mwaka. Ukuta ulijaa karatasi za rangi, na lile faili la Excel halikufunguliwa kutwa nzima. Sikuelewa, na bado sielewi, jinsi mtu mmoja anavyoweza kufundisha bajeti kwa makini kiasi kile halafu akafundisha malengo kana kwamba ni ya shirika jingine.

Tuliyokaa kuyaandika wenyewe baadaye, waratibu na mhasibu kwenye meza moja, yalikuwa machache na hayavutii kubandikwa ukutani. Kupunguza kozi zinazofutwa baada ya kutangazwa. Jina pembeni, la mratibu mwenzangu wa ratiba. Kila kozi iwe na tarehe ya uamuzi iliyoandikwa kabla tangazo halijatoka, pamoja na idadi ya chini ya siku hiyo, jina, langu. Kupeleka hoja ya makato kwenye kikao cha bajeti cha chuo. Jina, la mhasibu, aliyeliandika kwa mkono wake. Na kuhesabu washiriki wanaorudi kwa kozi ya pili, kwa sababu mtu anayerudi hatumii zile 250 za matangazo. Kila lengo kati ya hayo lina mstari wake kwenye faili, tukishaongezewa safu zinazokosekana.

Mkiamua kumwita, ombeni nywila ya faili iandikwe kwenye mkataba. Sisi tuliipata baada ya kuzungushwa kwa barua pepe. Mpelekeeni mapema takwimu za kozi zenu za mwaka uliopita, zilizofutwa zikiwemo, ili achore kozi yenu ubaoni badala ya ya kubuni. Mtu wa fedha asipoweza kuhudhuria siku ya kwanza, ahirisheni, kwani bila lile jibu la asilimia 30 tungeondoka tukiamini 16. Jioni ya siku ya pili atawauzia kifurushi cha ufuatiliaji wa kila robo mwaka. Tulikisoma, ni simu ya saa moja na fomu ya tathmini. Tulikiacha.