Afande wa viatu Kahawa West: kazi safi, lakini Jumamosi usijisumbue

Wacha nianze na hasira ndio ziishe. Mara ya kwanza nilikuja Jumamosi na viatu vya harusi vimeachama kama mamba, nikapata kibanda kina kufuli, mama mboga wa hapo kando akanicheka, ati Afande ni Msabato, hata umletee kiatu cha rais leo hashiki sindano. Nikaenda harusi na supaglu.

Kibanda kiko hapo unaposhukia matatu za 44. Mwenyewe ni sajini mstaafu, alienda Sierra Leone na kofia ya bluu ya UN enzi zile Jenerali Daniel Opande ndiye kamanda wa majeshi huko, na hiyo stori ukiuliza unapewa nusu, nusu ingine anaimeza anarudi kwa kiatu.

Sasa kazi. Kushona soli kuzunguka yote ni mia tatu, uzi wa nailoni ameupaka nta, na kila tundu anavuta mara mbili. Zangu nimekanyaga nazo matope ya Aprili yote na hakuna uzi umelegea. Lakini kung'arisha ndio kunafanya watu wasimame. Anawasha kiberiti juu ya mkebe wa kiwi, inashika moto kidogo, anafunika izime, ikishayeyuka anachovya pamba, tone moja la maji, halafu viduara vidogo vidogo hapo mbele ya kiatu, polepole, mpaka unaona meno yako. Hamsini bob! Anasema jeshini ukija gwaride na kiatu hakiwaki unalala nje, hiyo ya kulala nje nadhani ametia chumvi.

Risiti hakuna, unapewa kipande cha katoni kimeandikwa namba na saa. Ikiandikwa saa nane ni saa nane. Mimi nilifika saa tisa kasoro nikaulizwa nilikuwa wapi kama mtoto wa shule, nikajipata nasema "samahani afande" na nina miaka arobaini.

Na saa tisa na nusu anafunga anaenda kuchukua mjukuu shule, mteja uwe nani. Siku moja nimechoka kungoja nikamwambia, mzee si utume tu boda kama watu wengine? Akaniambia wakati yuko Sierra Leone kijana wake alianza kutembea, yeye aliona kwa picha, imekuja ndani ya barua. Akachukua kofia akaenda.

Wakirudi mtoto anakaa kwa kreti ya soda na homuwaki, mkewe analeta chai, na hata kama ni chai tupu lazima waombe kwanza, sisi wateja tumesimama hapo na kiatu kimoja mguuni tunasema amina. Tarehe 14 Oktoba pia msimtafute, ni siku ya KDF, jeshi la Kenya, ile ya kukumbuka lilipoingia Somalia 2011, anavaa suti na medali anaenda kukaa na wenzake.

Raba za plastiki hashoni, anakuambia wazi umeuziwa takataka, na hata sauti hapunguzi.

Nampa nyota nne. Ya tano nimebaki nayo kwa sababu ya ile harusi.