Vichupa vya kujaza tena: nilivyovijaribu kwenye treni ya Kigoma–Tabora

Mama yangu anaishi Tabora, mimi niko Mwanga hapa Kigoma mjini. Kila baada ya miezi miwili mitatu napanda treni kwenda kumwona. Ni zaidi ya kilomita 400 za reli, na behewa linatikisika njia nzima. Mwaka jana nilifika kwake, nikafungua begi, nikakuta shampuu imemwagikia gauni la kitenge nililomshonea. Lilikuwa jipya, halijavaliwa hata siku moja. Tulilifua mara tatu. Mama alinipa pole na kusema litakauka tu, lakini mimi iliniuma sana. Siku ileile nikaamua kutafuta vichupa vya safari ambavyo naweza kuviamini.

Tangu hapo nimetumia aina nne, na nimevisafirisha vya kutosha kuweza kusema.

Tukienda kununua, wengi wetu tunaangalia chupa yenyewe: rangi yake, ugumu wake, inaminyika vipi. Chupa zilizonisumbua mimi hazikuwa na ufa wala tundu. Zote zilivujia mdomoni. Ile iliyoharibu gauni ilikuwa na kifuniko cha kubofya, kile kinachofunguka kwa kidole gumba. Nyumbani ni kizuri, unakifungua kwa mkono mmoja hata ukiwa na povu. Ndani ya begi lililobanwa na nguo, kiatu kikikigandamiza tu, kinafunguka chenyewe. Sikitumii tena safarini.

Cha kuzungusha ndicho kilichonifaa, ila kifungue kwanza uangalie ndani. Kiwe na raba, au kile kiduara laini kinachokaa juu ya mdomo wa chupa ukikaza. Nimeshika vifuniko vingi sokoni ambavyo ndani ni plastiki tupu, na hivyo hata ukikaza mpaka kiganja kiume, maji yanapita kwenye hesi. Siku hizi nikienda kununua nabeba chupa ya maji. Namwomba muuzaji nijaribu chupa yake, naijaza, naifunga, naipindua kichwa chini, kisha naiminya kwa nguvu. Mmoja pale soko la Mwanga aliniambia, "Jaribu dada yangu, ikivuja niachie." Mbili zilivuja mbele yake, ya tatu haikutoa hata tone, nikachukua tatu za aina hiyo. Nikifika nyumbani nazirudia: nazipindua juu ya gazeti usiku mzima, asubuhi naangalia kama gazeti limelowa.

Za silikoni, zile laini kama mpira, zilinigharimu zaidi kuliko nyingine zote, na kwa shampuu na losheni nzito zinastahili pesa hiyo. Unaminya mpaka tone la mwisho. Lakini usitie mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Mimi nilitia. Silikoni inanyonya mafuta na harufu, na mise ina harufu yake. Nimeiosha kwa sabuni, kwa maji ya moto, kwa ndimu, nimeianika juani, na mpaka leo nikiifungua nasikia mise. Sasa nayo imekuwa ya mise moja kwa moja.

Na hapo nilikuwa nimekosea mara mbili. Sisi wa Kigoma mise tunaijua ikiwa maji, maana joto la ziwani mara nyingi haliiachi igande. Tabora mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi, na mise inaganda kama samli. Mafuta ya nazi ni vilevile, yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi yanakuwa magumu. Ukiwa umeyatia kwenye chupa ya mdomo mwembamba, utaiweka kwapani uipashe moto huku wenzako wameshaoga wanakungoja. Mafuta ya kuganda yanataka kikopo cha mdomo mpana, kifupi, ambacho vidole viwili vinaingia. Nilinunua viwili, na kimoja mama amekichukua.

Za pampu na za kupuliza sitazisema sana. Zinavuja. Kama ni lazima, ng'oa pampu, ifunge pembeni, chupa uipe kifuniko cha kawaida.

Kwa wanaopanda ndege: hewa ya ndani ya ndege ikiwa juu huwa nyepesi kama vile uko kwenye mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, na sisi tunatoka ziwani, mita 770 hivi. Hewa iliyobaki ndani ya chupa inatanuka na kusukuma losheni nje. Kwa chupa laini, iminye kidogo hewa itoke, ndipo ufunge ikiwa imebonyea. Nilipomsindikiza mdogo wangu kwenda India nilifanya hivyo na hakuna kilichomwagika. Safari nyingi za nje zina sharti la mililita 100 kwa begi la mkononi, na wanaangalia ukubwa wa chupa. Chupa ya mililita 200 iliyobaki nusu wanaikataa, kwa hiyo soma namba iliyo chini yake kabla ya kulipa.

Zamani ningefunga kila kitu kwenye rambo na kuhesabu yamekwisha. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku Juni 2019, natumia kipochi cha turubai jepesi nilichoshonewa na fundi, chenye zipu, na vichupa vinakaa ndani vimesimama.

Usafi nao ni kazi. Siongezi losheni mpya juu ya ya zamani. Naimaliza, naiosha, naiacha ikauke kabisa hata siku mbili, maana maji yakibaki chini losheni inaharibika na kunuka. Na soma ile namba ndani ya pembetatu chini ya chupa, inayoonyesha aina ya plastiki: zenye 1 zinajikunja ukizimwagia maji yanayochemka, zenye 5 zinastahimili.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote, hasa kwa wenye watoto. Msitie sabuni ya maji wala dawa ya kuua vijidudu kwenye chupa za maji ya kunywa au soda. Behewani giza limeingia, mtoto ana kiu, anaona chupa anayoijua. Nimewahi kuiwahi mikononi mwa mtoto wa jirani yangu wa kiti, kifuniko kikiwa kimeshafunguliwa. Mama yake alitetemeka mpaka tunafika kituo cha Kaliua.

Zile tatu za kuzungusha bado ninazo, na raba moja nimeibadilisha kwa kukata mpira wa ndani wa baiskeli. Juzi nimezijaza tena. Gauni jipya la mama liko kwenye begi hilohilo.