Faiba ya nyumbani Dodoma: ulizia kasi ya kupakia kabla hujalipia

Natumia faiba ya nyumbani hapa Ilazo, kifurushi cha Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde). Kampuni siitaji, maana mengi niliyoyakuta yatamkuta yeyote anayevutiwa waya Kisasa, Nzuguni au Iyumbu.

Upande wa kupakua sina malalamiko. Nikipima kwa waya napata 18 hadi 19 mchana, na saa 3 usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, hushuka hadi 14. Tatizo ni kupakia: 4.8, asubuhi, mchana na usiku. Namba isiyotikisika namna hiyo haitokani na msongamano, ni kikomo kilichowekwa na kampuni yenyewe. Fomu ya mkataba inasema tu "hadi Mbps 20", haisemi upande gani. Faiba nyingi za majumbani hutumia mfumo wa GPON, ambao laini moja hubeba takribani Gbps 2.5 za kushuka (kupakua) na 1.25 za kupanda (kupakia), zikigawanywa kwa nyumba 32 au 64. Kwa hiyo kupanda ni kudogo tangu mwanzo, lakini si kudogo kiasi cha robo. Uliza, kisha wakuandikie kwenye fomu.

Uzito wake ni huu: video ya GB 1 kwa Mbps 5 hupanda kwa karibu dakika 27, kwa 20 ingekuwa chini ya dakika 7. Na inapopanda, nyumba nzima inasuasua, hata anayefungua ukurasa mwepesi, kwa sababu kila unachopakua kinahitaji majibu madogo ya "nimepokea" yarudi juu, nayo yanakwama kwenye foleni ileile. Kwangu muda wa majibu kutoka Dar es Salaam ni milisekunde 9, lakini wakati wa kupakia ulifika 400. Dawa niliipata ndani ya ruta, kwenye mpangilio wa QoS, unaopanga nani apite kwanza mtandaoni: weka kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya ulichopima. Niliweka 4.2, na sasa muda wa majibu hauvuki milisekunde 40 hata ninapopakia.

Kabla hujamlaumu mtu, pima kwa waya, si kwa waifai. Chumba cha nyuma, ukuta wa tofali za saruji katikati, masafa ya 2.4 GHz yananipa 7 tu. Sebuleni kwenye 5 GHz napata zote. Kumbuka pia programu za kupakua huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8: 20 Mbps ni MB 2.5 kwa sekunde, hujaibiwa.

Ufungaji ndio ulionikera. Fundi alizungusha waya kwenye kona ya fremu ya dirisha na kuukaza kwa pini hadi ukakunjika kama mguu wa panzi. Mwanga huvuja mahali palipokunjwa hivyo. Fungua ukurasa wa kifaa cha faiba (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1) utafute nguvu ya mwanga unaopokelewa. Hupimwa kwa dBm, na namba ikizidi kwenda chini ya sifuri mwanga ni hafifu zaidi. Yangu ilisoma -27.3 dBm, ukingoni kabisa mwa kinachovumilika; pini zilipotolewa na kona kulegezwa ikawa -20.8. Ukiona kati ya -15 na -25 tulia. Ikizidi kushuka, data hufika na makosa, hurudiwa kutumwa, nawe unaona "mtandao mzito" ingawa taa ya PON kwenye kifaa, ya kuonyesha umeunganishwa, inawaka kijani. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki au ni hafifu mno: piga simu.

Vumbi la kiangazi chetu nalo ni adui. Kichwa cha kijani cha waya wa faiba kisiachwe wazi hata dakika moja. Kikichomolewa, kifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti safi. Kisichomekwe kwenye tundu la bluu, kwani cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8 na nyuso hazitagusana vizuri. Usichungulie ncha ya waya kwa jicho. Mwanga wake hauonekani, ila unaweza kuumiza.

Kwa anayetazama filamu na kusoma habari, kifurushi hiki kinatosha na ningekichukua tena. Mwenye kamera za ulinzi zinazorekodi mtandaoni asikichukue: kamera moja ya 1080p hula karibu Mbps 2 za kupakia muda wote, na mbili tu zinamaliza karibu zote.